Kupanda papo hapo, kitalu au trei: njia tatu za kuanza bustani ya nyumbani kabla ya masika

Mwishoni mwa Februari, hapa Kibaha, upepo wa kaskazi bado unavuma, udongo wa kichanga unachoma nyayo ifikapo saa sita, na kisima cha mtaani kimeshuka kina. Hata hivyo, huu ndio wakati ambao mwenye bustani nyuma ya nyumba anapaswa kuamua, kwa sababu mvua za masika, ambazo wenzetu wa Mombasa huziita mvua za mwaka, kwa kawaida hushika katikati ya Machi, na mche wa kuipokea mvua hiyo haupatikani kwa kuanza kuutafuta siku mawingu yanapotanda. Watu wa Ulaya hufanya kazi kama hii mwanzoni mwa majira ya chipuko, wakiogopa baridi kali isiwaulie miche. Sisi huifanya mwishoni mwa kiangazi, tukiikinga miche kwanza na jua, kisha, wiki chache baadaye, na mvua yenyewe. Wasomaji wa Dodoma, Iringa, Mbeya na Songea, ambako mvua ni ya msimu mmoja unaoanza kati ya Novemba na Desemba, wayasogeze yote yatakayosemwa hapa hadi Oktoba.

Swali linalowakwamisha wengi ni moja: je, mbegu ipandwe papo hapo mahali ambapo mmea utakulia, ipandwe kwanza, yaani kusiwa, kwenye kitalu cha ardhini na baadaye ihamishwe, au ioteshwe kwenye trei yenye vitundu? Kila njia ina watetezi wake, na kila mtetezi ana bustani nzuri ya kuonyesha, jambo linalozidi kumchanganya mgeni wa kazi hii. Njia ya nne, ya kununua miche iliyokwisha kuoteshwa na mtu mwingine, nitaigusa kwa ufupi mbele, kwa kuwa ni njia ya kukwepa swali zaidi kuliko kulijibu.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima njia hizi tatu kwa mambo matano: aina ya zao, maji na mtu wa kuyamwagilia, mbegu na gharama, magonjwa na wadudu, na mwisho ule wakati wa kuhamisha miche. Havina uzito sawa. Aina ya zao huweza kulimaliza swali kabla halijaanza, maana yapo mazao yasiyokubali njia fulani hata ukiyabembeleza. Baada ya hapo, kwa uzoefu wangu, linalobaki na uzito mkubwa ni la pili, yaani nani atakuwa nyumbani kumwagilia. Watu wengi huulizana bei ya trei na wasiulizane hilo.

Aina ya zao

Kupanda papo hapo ndiyo njia ya karoti, na hapa hakuna mjadala. Karoti ni mzizi mmoja unaoshuka wima, na mche wake ukihamishwa ncha ya mzizi hukatika au kupinda, ukavuna karoti zenye miguu miwili au mitatu. Bamia, kunde na maharage nayo hupenda kubaki yalipoota, kwa sababu huteremsha mzizi mkuu mapema, na mbegu zake ni kubwa na zenye nguvu ya kujitokeza zenyewe bila kulelewa. Bamia ikilowekwa usiku mmoja huota ndani ya siku nne hadi saba. Matango na maboga yamo kwenye kundi hilohilo. Mchicha wa kung'oa, unaovunwa wiki tatu hadi nne tangu mbegu kuanguka, hauna sababu ya kuhamishwa, ingawa wapo wanaouhamisha kwa nafasi pana ili wauchume majani kwa muda mrefu, na mchicha wao hunenepa kweli.

Kitalu cha ardhini ni nyumbani kwa mboga zenye mbegu ndogo zinazohitaji wiki kadhaa za malezi: sukuma wiki, kabichi, chainizi, mnavu, nyanya chungu, bilinganya, nyanya na, juu ya zote, vitunguu maji. Vitunguu ndivyo vinavyoonyesha thamani ya kitalu waziwazi, kwa kuwa hukaa humo wiki sita hadi nane, mche mmoja ukiwa mwembamba kama unyasi, na familia yenye watu wachache tu huhitaji mamia yake. Kuvioteshea vitunguu kwenye trei, kitundu kimoja mche mmoja, inawezekana, lakini ni kama kuchota maji ya mtungi kwa kijiko.

Trei hupokea karibu kila kinachoota kitaluni, na hung'aa zaidi kwa mazao ambayo mche mmoja una thamani kubwa, kama hoho, pilipili na nyanya za mbegu chotara, yaani zilizozalishwa kwa kuchanganya aina mbili. Tena trei ina faida ambayo kitalu hakina: kwa kuwa mche hutoka na udongo wake wote, hata tango linalochukia kuguswa mizizi huweza kuhamishwa, mradi lihamishwe changa, kama wiki mbili tangu kusiwa, kabla mizizi haijajizungusha. Matembele hayamo kwenye ulinganisho huu kabisa, kwa sababu hupandwa kwa kukata marando, na marando hayaombi kitalu wala trei.

Maji na mtu wa kuyamwagilia

Chukua tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tano, ambalo ni kipimo cha kawaida cha bustani ya uani. Kwenye udongo wa kichanga na jua la Februari, kopo moja la kumwagilia la lita 10 hutosha kama mita moja ya mraba kwa mara moja, na mbegu inayoota haitakiwi kukauka juu, kwa hiyo utamwagilia asubuhi na jioni. Hizo ni lita 100 kwa siku, sawa na ndoo tano za lita 20, kwa ajili ya tuta ambalo bado ni tupu machoni. Kwa mchicha, unaochomoza baada ya siku tatu hadi tano, gharama hiyo inavumilika. Kwa karoti, ambazo huchukua siku nane hadi kumi na nne kujitokeza, mwenye kununua maji ya madumu atakuwa amelipia karoti zake kabla hajaziona. Lakini ukisubiri mvua ya kwanza ya kweli inyeshe, ukapanda siku inayofuata, mawingu yatakufanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo bure. Kupanda papo hapo, kwa hiyo, ni njia ghali zaidi ya maji wakati wa kiangazi na rahisi kuliko zote mvua inaposhika.

Kitalu hubadilisha hesabu hiyo. Katika mita moja ya mraba, ukipanga mistari kila sentimita 10 na kubakiza mche kila sentimita 5, unapata miche 200, ambayo inatosha bustani ya nyumba moja na ya jirani. Unamwagilia kopo mbili kwa siku badala ya kumi, na kwa kuwa mizizi imo katika ardhi yenyewe, yenye kina cha kuhifadhi unyevu na iliyotandazwa nyasi kavu juu, kitalu husamehe. Ukichelewa kurudi kazini, ukakuta saa mbili usiku, miche imeinamisha vichwa, mwagilia tu. Asubuhi itakuwa imesimama.

Trei hutumia maji kidogo kuliko zote, lita moja au mbili kwa mara moja, lakini haisamehi. Kitundu cha trei ya vitundu 128 hubeba udongo usiozidi vijiko viwili vya chakula, na udongo huo, ukipigwa na jua na upepo wa kaskazi, hukauka kabla ya alasiri. Katika wiki za joto kali trei hutaka kuangaliwa mara mbili au tatu kwa siku, hata Jumapili, hata siku ya harusi. Mwaka mmoja niliondoka asubuhi kwenda msibani nikiwa na trei mbili za hoho zilizokwisha kutoa majani manne, nikimwachia maagizo kijana ambaye naye, nilikuja kuelewa baadaye, alikuwa na msiba huohuo wa kuhudhuria. Niliporudi jioni miche ilikuwa imelala kama nywele zilizolowana, na asilimia kubwa haikuamka tena. Wiki tano za kazi ziliishia katika mchana mmoja. Mche wa kitaluni ungenisubiri.

Mbegu na gharama

Gramu moja ya mbegu za nyanya ina takriban mbegu 300. Gramu moja ya mchicha huzidi mbegu 1,000. Gramu ya bamia haifiki hata mbegu 30. Tofauti hizi zina maana mfukoni. Kupanda papo hapo hupoteza mbegu nyingi, maana unapanda kwa wingi ukijua kwamba nyingine hazitaota, nyingine zitabebwa na chungu, na nyingine utazing'oa mwenyewe unapopunguza. Kwa mchicha, ambao mbegu zake ni rahisi na unaweza kuziacha bustanini zikomae ukavuna zako, hasara hiyo si kitu. Ukichanganya mbegu hizo ndogo na mchanga mkavu kabla ya kumwaga kwenye mstari, utazisambaza vizuri na kupunguza upotevu.

Kitalu huokoa mbegu, na vifaa vyake vinapatikana nyumbani: fito nne na makuti ya kujengea kichanja cha kivuli, samadi iliyooza vizuri, nyasi kavu za kutandaza, na jembe ambalo tayari unalo. Samadi mbichi isiingizwe humo hata kidogo, kwa kuwa huunguza mizizi michanga na huleta mbegu za magugu kutoka tumboni mwa ng'ombe. Anayetumia mbegu za kawaida zisizo chotara, kama zile nyanya za Tanya na Tengeru 97 zilizotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1997, anaweza hata kujitengea mbegu kutokana na tunda bora na kuzisia msimu ujao. Kwa mbegu chotara jambo hilo halifai, kwa sababu watoto wake hawafanani na mzazi.

Trei ina gharama ya mwanzo: trei yenyewe na udongo maalumu. Wengi hutumia kokopiti, yaani chenga za makumbi ya nazi, ambazo ni nyepesi na huhifadhi maji, ila hazina chakula. Mche ukishatoa majani yake ya kweli hauna budi kulishwa mbolea ya maji kidogo kidogo. Unaweza kuchanganya mwenyewe mboji iliyochekechwa, udongo mzuri na mchanga, mradi mchanganyiko usigande. Trei ngumu hudumu misimu kadhaa ikiwekwa kivulini baada ya kazi, kwa kuwa jua ndilo linaloivunjavunja. Njia hii hujilipa pale unapotumia mbegu chotara zinazouzwa kwa kuhesabiwa, ambapo kila mbegu isiyoota ni fedha iliyopotea. Kuhusu trei za mayai, ambazo mitandaoni husifiwa sana, maoni yangu ni kwamba zinafaa kumfundisha mtoto jinsi mbegu inavyoota. Vishimo vyake ni vifupi, karatasi inanyonya maji yote, na ikiloa siku nyingi inararuka mkononi. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa na kutobolewa chini ni bora zaidi.

Njia yoyote utakayofuata, tazama pakiti kabla ya kulipa: lebo ya uthibitisho wa taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, tarehe ya mwisho ya matumizi, na mahali ilipokuwa imetundikwa. Pakiti iliyoning'inia juani mlangoni mwa duka tangu Desemba imekwisha kupikwa.

Magonjwa na wadudu

Adui mkubwa wa miche michanga ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia shina pale linapokutana na udongo. Shina hunywea, hubadilika rangi, kisha mche huanguka ukiwa bado wa kijani juu. Hupenda msongamano, unyevu usiopungua na kivuli kizito, na kwa hiyo makazi yake hasa ni kitalu. Mtu hujenga kichanja kinene kwa huruma, anamwagilia jioni sana, anamwaga mbegu kama anayelisha kuku, na siku ya kumi anashangaa kuona mabaka matupu yanapanuka. Dawa ya kwanza ni nafasi kati ya mche na mche na hewa inayopita. Dawa ya pili ni kukiandaa kitalu mahali ambapo msimu uliopita hapakuwa na nyanya, bilinganya, hoho, nyanya chungu, mnavu wala viazi mviringo, kwa kuwa hao wote ni ukoo mmoja na huachiana magonjwa, pamoja na minyoo fundo inayofanya mizizi kuwa na vinundu.

Ya tatu ni jua lenyewe, na hapa kiangazi chetu ni mali. Udongo uliolainishwa na kumwagiliwa vizuri, kisha ukafunikwa na karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga na kingo zake zikafukiwa, hupata joto la kutosha kuua vimelea vingi na mbegu za magugu katika wiki nne hadi sita. Utasema wiki sita kuanzia mwisho wa Februari zinakupeleka Aprili. Ndivyo, na kwa nyanya za ukanda wa Pwani hiyo ni heri. Nyanya zinazosimama shambani wakati wa mvua kubwa huugua majani na kuoza matunda, ilhali zinazosiwa Aprili na kuhamishwa Mei, mvua inapopungua na hewa ya kipupwe inapoanza, hukua kwa amani. Pupa ya kutaka nyanya zianze pamoja na masika imewapa hasara watu wengi ninaowafahamu.

Mazao yaliyopandwa papo hapo huponea kinyausi kwa kiasi fulani kwa sababu yametawanyika na yanapata jua, lakini hukutana na kila kiumbe kingine yakiwa peke yake: chungu wanaobeba mbegu za mchicha, viwavi wa sota wanaokata vishina usiku, kuku wanaoparua, na mvua ya kwanza yenye matone mazito inayosomba mbegu za karoti hadi kwenye mlango wa jirani au kuufanya udongo ugande juu kama ukoko. Magugu nayo huota siku ileile na mboga, na anayepalilia kwa mara ya kwanza hung'oa vyote. Ndiyo sababu nasisitiza kupanda kwa mistari. Kisicho mstarini si chako.

Trei iliyojazwa udongo safi huanza bila minyoo fundo na bila magugu, na huweza kuinuliwa juu ya meza ambako sota hawafiki. Zaidi ya hayo, mvua kubwa ikianza, trei hubebwa barazani, nacho kitalu hubaki kikiombewa. Usafi huo, lakini, hutegemea kuiosha trei ya zamani kwa sabuni na kuikausha juani kabla ya kuitumia tena. Kwa kitalu na trei pia, chandarua kikuukuu kilichotandikwa juu ya fito huzuia kuku na vipepeo wanaotaga viwavi kwenye kabichi. Inzi weupe, wanaoeneza virusi vya kukunja majani ya nyanya, hupita kwenye matundu yake bila taabu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba umemaliza kazi. Na kiwe kikuukuu kweli: kinachomkinga mtu na mbu kibaki kitandani.

Siku ya kuhamisha

Aliyepanda papo hapo hana siku hiyo, na badala yake ana siku ya kupunguza, ambayo kwa wengi ni ngumu zaidi. Karoti zinatakiwa kuachiana sentimita 5 hadi 8, na kung'oa kiumbe kizima chenye afya ili mwenzake apate nafasi huwashinda watu wenye moyo laini. Matokeo yake ni tuta lenye majani mengi na karoti za unene wa kidole cha mtoto. Mchicha hauna tatizo hilo, kwani inayopunguzwa huingia chunguni.

Mche wa kitaluni hutoka ardhini ukiacha sehemu ya mizizi yake midogo nyuma, na hivyo husimama bila kukua kwa siku kadhaa baada ya kuhamishwa. Hali hiyo hupunguzwa kwa kuuandaa: wiki moja kabla, punguza maji na ondoa makuti ya kichanja kidogo kidogo ili mche uzoee jua; siku yenyewe, mwagilia kitalu saa chache kabla, ng'oa kwa kuchokonoa na mwiko ili utoke na udongo kiasi, na upande jioni au siku ya mawingu. Nyanya huwa tayari baada ya wiki tatu hadi nne, kabichi na sukuma wiki nne hadi tano, hoho sita hadi nane. Mche wa trei huponyoka na donge lake la udongo, na ukipandwa jioni, asubuhi unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini mvua inaweza kuchelewa, na hapo trei hukosa uvumilivu. Wiki mbili zaidi ndani ya kitundu chembamba hufanya mizizi kujizungusha, shina kurefuka na majani ya chini kuwa ya njano, na mche uliodumaa namna hiyo hata ukipata shamba zuri huwa mnyonge. Kitalu husubiri kwa wiki moja na ushei bila madhara makubwa, hasa kwa vitunguu na kabichi. Kwa hiyo anayesia kwenye trei afanye hivyo akiwa na maji ya kupandia hata bila mvua, au asie kidogo kidogo, trei moja wiki hii na nyingine wiki mbili baadaye.

Kuhusu kununua miche: ni njia halali kwa anayehitaji miche kumi ya hoho tu, na hailingani na usumbufu wa kulea miche 128 kwa ajili ya kumi. Ila mnunuzi hajui mbegu ilikuwa ya aina gani wala udongo ulitoka wapi. Niliwahi kununua miche ya bilinganya ikakua kuwa nyanya chungu, jambo ambalo nyumbani lilipokewa vizuri kuliko nilivyolipokea mimi. Omba kung'oa mche mmoja uutazame mizizi. Ukiona vinundu, rudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa kufuata hali yako

Ukiwa unaondoka alfajiri na kurudi usiku, na nyumbani hakuna mtu wa uhakika mchana, weka nguvu kwenye kupanda papo hapo mara mvua inaposhika, yaani mchicha, bamia na kunde, na ongeza kitalu kidogo cha sukuma wiki chini ya kivuli chepesi na matandazo ya kutosha. Trei iache hadi mazingira yako yabadilike. Ikiwa nyumbani yupo mama, bibi au yeyote anayeshinda hapo na anayeipenda kazi hii, mwulize kwanza kama yuko tayari kuibeba, kisha trei itamfaa vizuri sana, kwa sababu humruhusu afanye kazi amesimama au ameketi barazani bila kuinama juani.

Ukiwa unanunua maji kwa dumu, usipande kitu papo hapo kabla ya mvua. Lea miche michache kitaluni au kwenye trei na uiache mvua ifungue shamba. Ukiwa na bomba linalotoka kila siku, unaweza kuanza tuta la mchicha hata leo, ukalivuna kabla masika hayajafika kilele. Mwenye uwanja wa sakafu au anayepangisha chumba na veranda peke yake hana pa kuchimba kitalu, na kwake trei au chupa zilizokatwa ndiyo njia, kisha miche ihamie kwenye magunia au ndoo zilizotobolewa. Mwenye eneo pana na mbegu za kawaida, anayetaka vitunguu vya mwaka mzima, hapati chochote kwa kununua trei, na kitalu cha mita mbili za mraba kitampa zaidi ya anavyoweza kupanda.

Aliyepoteza miche kwa kinyausi miaka miwili mfululizo mahali palepale ahamie trei msimu mmoja, huku kile kitalu cha zamani akikifunika nailoni kipikwe na jua. Aliyelipa fedha nyingi kwa pakiti ya mbegu chotara za hoho azisie kwenye trei hata kama ni mara yake ya kwanza, akianza na nusu ya pakiti tu. Na aliyechelewa, anayesoma haya wakati mvua ya kwanza imekwisha kunyesha na hana hata mche mmoja, atoke na jembe kesho asubuhi udongo ukiwa bado laini, apande kunde, bamia na mchicha kwa mistari, na asie kitalu cha nyanya pembeni baadaye kidogo mwezi wa Aprili, maana kwa nyanya atakuwa hajachelewa.